Makazi ya pamoja Pongwe: nani ana haki, mwalimu au mumewe?

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, tumepanga Mikanjuni, mimi, mume wangu na watoto watatu. Kodi ni 120,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Tuko kaya tisa, walimu na wauguzi, tumepata ekari moja Pongwe kwa milioni 18, haijapimwa. Tunataka kila kaya iwe na nyumba yake ndogo, katikati uwanja mmoja, na jumba la wote la shughuli na wageni, kama wanavyofanya Denmark. Mume wangu anasema huo ni ujamaa wa kizamani, mwisho wake ugomvi. Yeye ameona kiwanja kilichopimwa, 20 kwa 20, kwa milioni 5. Nijibu jambo moja tu: kwa hesabu, ipi nafuu?*

Marahaba, mwalimu. Umeuliza jambo moja, ila jibu lake haliko moja, na nitakalokwambia halitampendeza mumeo wala wewe mwenyewe mpaka ufike mwisho wa karatasi. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu kwa miaka zaidi ya ishirini hapa Tanga ni kuhesabu tofali kabla hazijafyatuliwa. Kwa hiyo tuanze na kalamu, maneno ya ujirani mwema tutayakuta njiani.

Bei nitakazoweka ni za kuifanya hesabu itembee. Ukienda kwa fundi wako utazibadilisha, lakini mtiririko utabaki ule ule.

Anza na nyumba ya mumeo. Namjua hata kama sijamwona, maana ramani anayoitaka naiona mezani kwangu kila wiki: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, sehemu ya kulia, jiko, stoo, choo cha wote. Hiyo haipungui mita za mraba 110. Kwa umaliziaji wa kawaida, tuseme 450,000 kwa mita ya mraba, ni milioni 49 na nusu. Kiwanja milioni 5. Shimo la choo na karo ya majitaka, milioni 2 na nusu. Ramani na kibali, laki tano. Kisha ukuta, na hapa wengi hujidanganya. Kiwanja cha 20 kwa 20 kina mita 80 za kuzunguka. Ukienda juu mita mbili, hizo ni mita za mraba 160, na kila moja inakula tofali kama kumi. Tofali 1,600 kabla hujagusa msingi wake, nguzo zake na geti. Nauhesabu ukuta na geti kuwa milioni 6. Jumla ya mumeo: milioni 63 na nusu.

Sasa yenu. Ardhi milioni 18 kwa kaya tisa, milioni 2 kila mmoja. Nyumba ya mita 75: vyumba vitatu, sebule ya kiasi, jiko, choo na bafu, hakuna stoo, hakuna chumba cha kulia, hakuna chumba kinachomngoja shemeji wa Muheza mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni milioni 33 na laki saba na nusu. Jumba la wote la mita 120 ni milioni 54, kila kaya milioni 6. Ukuta mmoja wa kuzunguka ekari nzima: ekari ikiwa ya mraba ina kama mita 64 kila upande, kuzunguka ni kama mita 255. Badala ya tofali 14,400 ambazo kaya tisa zingejenga kila moja kwake, mnajenga kama 5,100. Hata hao tisa wangekubaliana kuchangia kuta za mipakani, bado zingekwenda 9,600. Ukuta na mageti nimeviweka milioni 18, yaani 2 kwa kila kaya. Karo kubwa mbili za wote, milioni 1 kila mmoja. Hapo mpaka sasa unacheka.

Usicheke bado. Ardhi yenu haijapimwa. Kuna mchoro wa mipango miji, upimaji, hati, mwanasheria, usajili wa chombo chenu. Nimeweka milioni 1 na nusu kila kaya. Kuna msanifu na msimamizi, maana nyumba tisa zinazoshikana haziendi kwa ramani ya kununua stendi: milioni 1 na nusu nyingine. Kuna njia za ndani, mitaro, kuvuta umeme na bomba, milioni 1. Jumla ya kila kaya ni milioni 48 na laki saba na nusu.

Tofauti na mumeo ni milioni 14 na laki saba na nusu. Umeshinda? Hapana. Mpe mumeo kalamu na umwambie naye ajenge nyumba ya mita 75 kwenye kiwanja chake. Milioni 5, na 33.75, na ukuta 6, na karo 2.5, na ramani nusu. Anapata milioni 47 na laki saba na nusu. Amekushinda kwa milioni moja kamili, na hajahudhuria kikao hata kimoja.

Hiki ndicho kitu ambacho wanaoyasifia makazi ya pamoja hawakisemi wazi. Unafuu mkubwa hautoki kwenye kuwa pamoja. Unatoka kwenye kujenga kidogo. Ukuta mliouokoa, karo mliyoiokoa na ardhi mliyoipata kwa bei ya shamba, vyote vimelipia jumba la wote, msanifu na makaratasi, na kidogo havikutosha. Nje nako ni vivyo hivyo. Marekani, ambako mtaa wa kwanza wa namna hii, Muir Commons wa nyumba 26, ulifunguliwa Davis, California, mwaka 1991, nyumba hizi kwa kawaida haziuzwi chini ya nyumba nyingine za eneo lake. Mtu anayekwenda huko akitafuta bei ya kutupa hurudi mikono mitupu. Anachokipata kinaonekana baadaye, kwenye matumizi ya kila mwezi.

Lakini mwulize mumeo swali moja la pili: ataishi kwenye mita 75? Mtu akijenga peke yake anajenga akifikiria siku ya hitma, siku ya kumtoa mwali, siku mama mkwe atakapokuja kutibiwa akae mwezi. Ndiyo maana sebule zetu ni kubwa kama ukumbi wa kata, na siku za kawaida wanakaa humo runinga na kochi lililofunikwa vitambaa. Siku ya shughuli yenyewe watu hawaingii hata humo. Turubai linafungwa nje, masufuria yanakodiwa, viti vinakodiwa. Tunajenga mita 35 kwa ajili ya siku tatu kwa mwaka, na siku hizo tatu bado tunakodi. Jumba la wote ndilo linalokuruhusu kujenga 75 bila kuona haya. Ujirani haukupunguzii bei ya tofali, unakupunguzia idadi ya tofali unazodhani unazihitaji. Hapo wewe ndiye mwenye haki, na mumeo anayo yake kwa hesabu ya juu.

Kuhusu neno lake la ujamaa. Mwambie hii haina shamba la pamoja wala jembe la pamoja. Denmark wenyewe hawakuanza kwa siasa. Mwaka 1964 msanifu mmoja, Jan Gudmand-Høyer, alikaa na rafiki zake wakachoka kuchagua kati ya fleti ya mjini na nyumba iliyojitenga na wenzake. Wakapata ardhi Hareskov nje ya Copenhagen, wakachora nyumba 12 kuzunguka jumba moja. Majirani wa pale wakawapinga hadi mradi ukafa. Mwaka 1967 Bodil Graae akaandika makala gazetini kwamba watoto wanapaswa kuwa na wazazi mia moja, na watu wakaanza kutafutana. Mtaa wa kwanza, Sættedammen, wa kaya 27, ulikamilika 1972. Yeye Gudmand-Høyer mtaa wake, Skråplanet, aliuona 1973. Kila kaya ina mlango wake, jiko lake, funguo zake. Kumbuka hiyo miaka: tangu kikao cha kwanza hadi kuhamia, miaka tisa. Nitairudia.

Na kwa sisi wa Tanga, kuishi pamoja si jambo la kujifunzia Denmark. Ujanani nilipanga chumba Ngamiani, kwenye hizo barabara za namba. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, bafu na choo. Kaya tano, mita moja ya LUKU. Chumba cha pili alikaa fundi cherehani mwenye pasi ya umeme, chumba cha nne mama aliyeuza barafu za ukwaju, friji yake haikuzimwa tangu Jumatatu hadi Jumapili. Ukutani kwenye korido palikuwa na msumari, kwenye msumari limening'inia daftari, na kwenye daftari majina yetu na michango ya umeme. Sote tulilipa sawa. Mzee wa chumba cha sita alikuwa na taa moja na redio. Siku moja tumeamka tukakuta kisanduku cha mita kimetiwa kufuli, na ufunguo uko kwenye mfuko wa kanzu ya yule mzee, naye yuko msikitini. Barafu ziliyeyuka hadi uani pakawa na siafu. Hakukuwa na mtu mbaya mle ndani, mwalimu. Kilichokosekana ni makubaliano: tulikuwa tumekutanishwa na mwenye nyumba, hatukuchaguana wala hatukuwahi kukaa chini tukapanga. Hofu ya mumeo imetoka kwenye korido kama ile, na ni hofu ya haki. Ninyi mnachopanga ni uani ule ule lakini wenye kanuni zilizoandikwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Kwa kuwa tumefika kwenye LUKU, tusiiache. Watu wengi wakisikia makazi ya pamoja hudhani mita moja ya wote itakuwa nafuu. Itawaumiza. Kuna daraja la matumizi madogo: kaya isiyozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Daraja la kawaida ni 292. Kaya tisa kwenye mita moja mnavuka 75 wiki ya kwanza, na mnalipa karibu mara tatu kwa umeme ule ule. Kila nyumba iwe na mita yake, na jumba liwe na yake. Kodi ya majengo nayo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU, sasa 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo mita ya jumba ihesabiwe kwenye bajeti mapema. Maji ni tofauti: tenki kubwa moja la juu na bomba la kwenda kila nyumba lenye mita ndogo ya ndani linafaa zaidi kuliko matenki tisa.

Matumizi mengine ya mwezi ndiyo yanayowapa watu wa makazi haya faida isiyoonekana siku ya kujenga. Mlinzi wa 180,000 ni 20,000 kwa kaya. Mashine moja ya kufulia, ngazi moja ndefu, jenereta moja. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hahitaji kumlipa dada wa kazi wa saa ishirini na nne ikiwa kuna watu wazima uwanjani. Sitaweka tarakimu hapa, maana inategemea mtakavyoishi. Lakini mwanamke mwenye watoto watatu na vipindi vya asubuhi anajua thamani yake kuliko mimi.

Sasa mambo yanayoweza kula hizo milioni zako.

La kwanza ni kasi. Nyumba ya mumeo ina sifa moja ambayo yenu haina: inaweza kusimama njiani. Sisi wote tunajenga hivyo, msingi mwaka huu, kupandisha mwakani, kupaua mkopo ukitoka, na tunahamia madirisha yakiwa na maturubai. Hakuna riba, hakuna anayekudai. Mvua tu ndiyo inayokuandama. Kwa mtu asiyetaka riba, na Tanga tuko wengi, hiyo ndiyo benki yetu. Mkiwa tisa mnaoshikana kuta, huwezi kumwacha mmoja asimame na linta bila bati huku jirani yake ameshapaka rangi. Na wengi wenu mtategemea mkopo wa mshahara, ambao unakatwa mpaka ibaki theluthi moja ya mshahara. Mwenye mkopo wa zamani hatakopesheka mwaka mnaoutaka ninyi. Kabla ya kumtafuta msanifu, kila mmoja aweke mezani hati yake ya mshahara. Mnaona aibu? Aibu ya leo ni ndogo.

Njia ya kuupunguza ugumu huu ipo, na imejaribiwa hapa hapa nchini. Watu walioondolewa Kurasini, Dar es Salaam, kupisha upanuzi wa bandari waliunda ushirika wao wa nyumba, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakajenga nyumba za kuanzia padogo na kuongezwa mtu akipata. Hilo la nyumba inayokua liibeni. Msanifu achore nyumba ya mita 75 inayoanza na mita 40: vyumba viwili, choo, jiko. Paa la mita 40 lifungwe kabisa, na msingi wa mita 35 zilizobaki uwe umeshamwagwa jamvi, yaani sakafu ya zege. Kila mmoja anahamia, kila mmoja anaendelea kwa nyuma bila kuharibu mstari wa mbele.

La pili ni idadi. Angalia tena hesabu yenu: ukiacha nyumba yenyewe, vitu vya wote vinafika milioni 135, ndiyo maana kila kaya ina milioni 15 za pamoja. Kaya mbili zikijitoa, milioni 135 zile zile zinagawanywa kwa saba. Ni milioni 19 na laki tatu. Kila aliyebaki ameongezewa zaidi ya milioni 4 kwa sababu mwenzake amehamishwa kwenda Kilindi. Walimu na wauguzi huhamishwa, unajua. Wekeni kwenye kanuni kwamba anayejitoa hurudishiwa hela yake akipatikana wa kuchukua nafasi yake, si siku anayoitaka yeye.

La tatu ni vikao. Vikirefuka miaka miwili zaidi ya ilivyopangwa, kodi yako ya Mikanjuni pekee ni milioni 2 na laki 8 na 80. Vifaa na ufundi vikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, nyumba yako na sehemu yako ya jumba zinaongezeka kama milioni 4. Karibu milioni 7 zimekwenda na chai ya kikao. Nilisema nitairudia ile miaka tisa ya Denmark: hawakuchelewa kwa uvivu, walichelewa kwa kuwa kila jambo lilikuwa jipya na kila mtu alitaka kusikilizwa. Amueni mapema mambo ambayo hayatapigiwa kura tena. Rangi ya geti isiwe ajenda.

Hati ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. Nimeona kikundi kimoja, siwataji, kilichonunua shamba zuri kwa jina la katibu wao kwa sababu yeye alikuwa na nafasi ya kwenda ofisi za ardhi. Mtu mwaminifu. Akafariki. Warithi wakafungua mirathi, shamba likaorodheshwa kama la marehemu, na wenzake wakabaki na risiti za daftari la kikundi. Wapo bado mahakamani.

Njia ziko tatu, na kila moja ina bei yake. Mnaweza kupima ekari iwe viwanja kumi, tisa vidogo vya watu na kimoja cha wote. Kila mmoja ana hati yake, anaweza kuikopea, na akitaka kuuza ni juu yake. Hii ndiyo rahisi kwa benki na kwa waume wenye wasiwasi. Udhaifu wake ni kwamba miaka kumi baadaye mnaweza kuwa na jirani aliyenunua bila kujua kanuni zenu, akajenga ukuta wake katikati ya uwanja. Pili, Sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo: kila mmoja ana hati ya sehemu yake na hisa kwenye vya wote, na chombo cha wamiliki kinakusanya ada ya matunzo kwa nguvu ya sheria. Inafaa mkijenga nyumba zinazoshikana. Tatu, ushirika unaosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013: chama ndicho kinachomiliki, ninyi ni wanachama wenye hisa. Huu ndio ulinzi mkubwa wa bei isipande, ila benki haitakukopesha wewe binafsi kwa nyumba isiyo na jina lako.

Uingereza, mjini Leeds, kuna mtaa wa nyumba 20 za mbao na mabua ya ngano, LILAC, uliokamilika 2013. Nyumba ni za chama, na kila kaya hulipa asilimia 35 ya kipato chake baada ya makato. Mwenye kipato kikubwa hulipa zaidi, hujiwekea hisa zaidi, na akiondoka huchukua hisa zake, nyumba inabaki kwa chama. Ukiniuliza ni wapi makazi ya pamoja yamekuwa nafuu kweli kwa mtu wa mshahara, nitakuonyesha kule, na sababu si jumba la pamoja bali ni kwamba nyumba imeondolewa sokoni. Sidhani kama ninyi tisa mko tayari kwa hilo. Mtanga anataka nyumba ya kuwaachia watoto. Basi chukueni njia ya kwanza au ya pili, na muandike kwamba anayeuza huwauzia kwanza wenzake, kwa bei itakayopangwa na mthamini, na warithi nao wamefungwa na sharti hilo. Wake na waume wote watie saini, si kwa heshima tu: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza.

Mambo mawili ya ufundi, maana nikinyamaza fundi atawapa mengine. Nyumba zikishikana, ukuta wa kati upandishwe mpaka ubusu bati. Mafundi wengi huukatia kwenye dari na kuacha kenchi zipite juu, kwa hiyo mtoto wa jirani akikohoa unamwambia pole kutoka kitandani kwako, na moto ukianza jikoni kwa mmoja unasafiri juu ya dari za watu watatu kabla mtu hajapiga kelele. Na kabla ya kulipa hiyo milioni 18, chimbeni mashimo matatu ya majaribio, kwenda chini kama mita mbili na nusu. Upande ule una mwamba wa chokaa. Viwanda vya saruji havikuja kutalii. Karo ikikutana na mwamba, milioni 9 niliyoiweka itakuwa ya kuanzia.

Sasa nikujibu kwa hesabu kama ulivyotaka. Jumba la milioni 54 lifuteni kwa sasa. Jengeni banda: nguzo, bati zuri, jamvi laini, jiko la nje lenye mafiga matatu makubwa, stoo moja ya masufuria na mikeka, choo. Milioni 13 na nusu zinatosha, milioni 1 na nusu kila kaya badala ya 6. Gharama yako inashuka hadi milioni 44 na robo. Hapo umemshinda mumeo kwa nyumba zote mbili: ile kubwa kwa zaidi ya milioni 19, na ile ndogo kwa milioni 3 na nusu. Mkibaki saba, gharama yako inapanda hadi milioni 47 na robo, na mnakaribiana mno na nyumba yake ndogo. Kwa hiyo nafuu yenu haiko kwenye ramani, iko kwenye kuhakikisha kwamba siku ya kumwaga msingi mko tisa bado.

Jumamosi chukua kamba, vigingi na mumeo, mwende uwanja wa shule yako. Pimeni mita kumi kwa saba na nusu, kisha gaweni vyumba kwa chaki na majivu. Wekeni kitanda cha kufikirika, friji, watoto watatu. Mwache asimame sebuleni. Akisema inatosha, njooni wote wawili ofisini na zile hati za mishahara. Akisema haitoshi, mpe ile ya milioni 63 na nusu na umwulize zitatoka wapi.